Alama ya Chaki kwenye Tangi

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa moja na nusu asubuhi, majani ya pembeni mwa barabara bado yana umande, na mle pembeni, pale magari yanapomsukumia mtembea kwa miguu, anakuja mwanamume wa miaka hamsini na ushee. Amevaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Mkononi ana chupa ya chai aliyoifunga kwa kitambaa isipoe. Pikipiki zinampita, na karibu kila moja inampigia honi, maana wenye nazo wanamjua. Moja inapunguza mwendo.

"Fundi, panda nikusogeze."

"Nenda tu, mwanangu. Mimi nafanya mazoezi."

Mtazame vizuri hapo anapokataa, usikimbilie mbele. Huyu ametengeneza pikipiki miaka ishirini na sita, na anakwenda kazini kwa miguu, dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi. Mkewe ni mshonaji, na kwa kuwa kazi yake ni kupima watu, hadanganyiki kirahisi. Aliambiwa kwamba daktari ndiye aliyeagiza matembezi. Akamtazama mumewe juu ya cherehani, sindano midomoni, akasema, "Daktari gani huyo anayetibu wembamba?" Kwa maana mtu wetu ni mwembamba kama spoki.

Watu wanamwita Taratibu. Jina hilo hakujipa. Alipewa na wateja waliochoka kusubiri, kisha likageuka kuwa sifa. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kimebanwa kati ya kibanda cha mchomeleaji na ukuta wa wapasua mbao. Ndani, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, kila moja juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi, hata ikikosekana moja utajua ni ipi. Kuna kopo la grisi, kuna kreti la soda la kuinulia pikipiki gurudumu la mbele, na juu ya dirisha kuna kibati cha dawa ya viatu ambacho ndani yake hamna dawa ya viatu. Mna chaki.

Chaki hiyo ndiyo habari yenyewe. Taratibu alifundishwa kazi na mjomba wake, mzee aliyekuwa na maneno machache na kofi jepesi, na mjomba alimwachia sharti moja: pikipiki hairudi kwa mwenyewe mpaka fundi aliyeifungua aipande, aipeleke hadi mteremko wa darajani, ashuke nayo, apande nayo. Ikimridhisha, anachora kwa chaki alama ya vema juu ya tangi la mafuta. Isipomridhisha, inarudi kwenye kreti. Madereva wa mtaani waliizoea alama hiyo hata wakawa hawaifuti. Wanaiacha ifutike yenyewe kwa mvua na kwa suruali. "Hii ina vema," wanaambiana, kama mtu anayesema mtoto huyu amechanjwa.

Sasa sikiliza. Miezi minane kabla ya siku ninayotaka kukueleza, Taratibu alikuwa akishuka mteremko ule na pikipiki ya mteja. Mwendo wa sitini hivi. Ghafla usukani ukaanza kutikisika, pikipiki ikatupa kichwa kushoto na kulia kama ng'ombe aliyeingiwa na mdudu sikioni. Akaubana usukani. Ukazidi. Kilichofuata hakukiona, alikisikia: chuma kikikwaruza lami, na nyuma yake breki za lori zikilia. Alipofumbua macho alikuwa amelala chali na namba ya lori iko karibu kiasi kwamba aliweza kuhesabu skurubu zilizoishikilia. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imelegea.

Hakuvunjika kitu. Kiwiko kilichubuka, ovaroli ikapasuka, mkewe akaishona. Aliwaambia watu kwamba ameteleza kwenye mafuta. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Taratibu tangu siku hiyo akishika usukani wa pikipiki inayotembea, vidole vinakufa ganzi, kijasho chembamba kinamtoka mgongoni, na masikioni anasikia breki za lori.

Sasa afanyeje? Amwambie nani? Siku ya kwanza aliiwasha pikipiki, akazunguka nayo hadi nyuma ya ukuta wa wapasua mbao, mahali ambapo msumeno unalia mchana kutwa na mtu hasikii hata mawazo yake mwenyewe. Akazima injini. Akasimama pale, akahesabu mpaka mia nne, muda ule ule ambao ungetosha kufika darajani na kurudi. Kisha akaiwasha, akarejea polepole, akachora vema. Alijiambia ni leo tu. Leo hiyo ikazaa kesho, na kesho ikazaa wajukuu.

Usimhukumu bado. Mwache kwanza mdogo wake afike.

Alifika Jumatano, saa tatu, akiisukuma pikipiki yake. Mdogo wake huyu, wa tumbo moja, ana miaka arobaini na moja, na kazi yake ni kuzungukia zahanati ndogo ndogo, kuchukua sampuli za damu na makohozi kwenye boksi la baridi, na kuzifikisha maabara ya hospitali kabla barafu haijayeyuka. Boksi limefungwa nyuma ya kiti, na ndilo lililompa jina. Hata wauguzi wanamwita Boksi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Imezima?"

"Haijazima. Nimezima mimi." Akaegemeza pikipiki, akakaa juu ya tairi kuukuu, akavua glavu kidole kimoja kimoja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, naye aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwachia aishike. "Ni pale pale. Kwenye viraka vya lami, kabla ya daraja. Nimegusa breki kidogo tu, usukani ukaanza. Nikabana kwa nguvu zangu zote, ikawa ndiyo naichochea. Mbele yangu kuna lori la mchanga. Sijui nilisimamaje."

Mchomeleaji, ambaye kibanda chake hakina ukuta upande huu na hivyo hakosi habari, aliinua kinyago chake. "Labda lori ndilo lilikukimbia wewe."

Kwa kawaida Boksi angemrudishia, tena kwa riba. Siku hiyo hakumjibu. Mchomeleaji akashusha kinyago chake polepole.

"Kaka, nikuulize kitu, na usinionee huruma. Kuna ugonjwa unaoanzia mikononi?"

"Ugonjwa gani?"

"Ndio nakuuliza wewe. Nimekuletea pikipiki hii mara mbili. Mara ya kwanza nikasema usukani unashikashika katikati, ukakuta gololi za shingo zimekwisha, ukaweka mpya. Ukapiga vema. Nikafika mteremkoni, ikatikisa. Mara ya pili nikasema nikifunga breki inagonga, ukashusha shokapu zote mbili za mbele, ukabadilisha oili. Ukapiga vema. Juzi imetikisa, na leo imetaka kuniua. Wewe unashuka mteremko ule ule na pikipiki ile ile, haikufanyi kitu. Kwa hiyo kibovu ni nini? Kibovu ni mimi."

Taratibu alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia mikono. Akaendelea kuifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu bado.

"Nimeandika barua," mdogo wake akasema. "Naomba wanitoe barabarani, wanipeleke stoo. Nikahesabu glavu na pamba. Iko ndani ya boksi, juu ya barafu. Angalau haitaoza."

Miaka kumi na mbili alikuwa kwenye kazi hiyo. Akina mama wa zahanati za mbali wanajua mlio wa pikipiki yake. Aliwahi kuvuka mto uliojaa akiwa amelibeba boksi kichwani, na habari hiyo huisimulia yeye mwenyewe kila sherehe, kila mara maji yakiongezeka kina. Na sasa mtu huyo anataka kwenda kuhesabu pamba, kwa sababu ya alama ya chaki.

"Ngoja niitazame," Taratibu akasema.

Aliiweka pikipiki juu ya kreti, gurudumu la mbele likabaki hewani. Sehemu hii anaiweza hata akiwa usingizini. Aligeuza usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia: laini, haushiki popote. Alizungusha gurudumu: limenyooka. Alilishika juu na chini akalisukasuka: beringi zake nzima. Tairi lina upepo wake. Kisha akachuchumaa mbele, akazishika shokapu mbili kwa chini, moja kila mkono, akazivuta kwake na kuzirudisha. Akamwomba mdogo wake aweke kidole pale shingo ya pikipiki inapoingia kwenye fremu.

"Unasikia?"

"Kama moyo wa kuku," Boksi akasema. "Tk. Tk."

Taratibu alilijua jambo hilo kabla hajainama. Gololi mpya, mjomba wake alikuwa akisema, ni kama mgeni: siku ya kwanza anakaa ukingoni mwa kiti, siku ya pili ndipo anapojiachia. Ukiziweka, unaipanda pikipiki, zinajikalia vizuri kwenye vikombe vyake, shingo inalegea kidogo, unarudi na kuikaza tena. Ndiyo maana ya kwenda darajani. Asiyekwenda darajani hakazi mara ya pili. Na shingo iliyolegea, ukifunga breki mteremkoni, ndiyo inayotikisa kichwa. Ndiyo inayogonga. Kile alichokidhania kuwa ni oili ya shokapu mara ya pili, kumbe kilikuwa ni hiki.

Akaikaza nati ya shingo, akageuza usukani, akalegeza unywele mmoja, akageuza tena, mpaka usukani ulipoangukia upande kwa uzito wake wenyewe, bila kukawia na bila kucheza.

"Umeona nini?"

"Shingo ilikuwa imelegea kidogo."

"Kidogo." Boksi alitikisa kichwa. "Kila nikija unakuta kidogo. Kaijaribu basi, nakusubiri. Ila nikwambie kabisa, kaka. Ukipiga vema leo, mimi sijaribu tena. Sitasubiri inibwage ndipo niamini. Nikitoka hapa napeleka barua."

Umeona kamba hiyo ilivyojifunga? Akipiga vema, mdogo wake anaacha kazi akijiona mgonjwa. Na kama hatapeleka barua, basi atashuka mteremko ule mchana huu huu, juu ya kazi ambayo hakuna aliyeijaribu. Taratibu akaipanda pikipiki. Akaiwasha. Akatoka mlangoni kwa mwendo wa harusi, akakata kona, na mikono yake, kama punda anayejua zizi lake, ikampeleka nyuma ya ukuta wa wapasua mbao.

Akazima injini. Msumeno unalia. Moja, mbili, tatu. Mbele yake kuna rundo la maranda lililolowa, na juu yake paka amelala. Alikuwa amekwisha kumzoea paka huyo, na paka alimzoea yeye. Hamsini. Alijiambia kwamba akifika mia atakwenda kweli. Alipofika mia alijiambia mia mbili. Vidole vyake vilikuwa baridi, na kwenye lami ya mawazo yake aliona skurubu mbili, moja imelegea. Mia moja sitini na tatu, mia moja sitini na nne.

Umeme ukakatika.

Msumeno ulishuka sauti kama mtu anayekata roho, kisha ukanyamaza. Mashine ya mchomeleaji nayo ikanyamaza. Katika miezi minane hiyo, mahali pale hapakuwahi kuwa kimya saa za kazi. Taratibu alisikia paka anavyopumua. Halafu, kutoka upande wa pili wa ukuta, hatua chache tu, akasikia watu wakiongea wazi kabisa.

"Sasa umeme umekwenda, angalau tutamsikia akirudi," mchomeleaji alisema.

"Mbona simsikii huko mteremkoni? Upepo ukiwa hivi sauti inafika."

"Amefika mbali."

"Hata mbali inasikika." Boksi alisema. "Unajua nikiwa nashuka pale najiambia nini? Najiambia, kaka amepita hapa na pikipiki hii hii. Nafuata alama yake. Basi ninapoanza kutikisika naona aibu kabla sijaona hofu."

Maneno hayo hayakusemwa ili ayasikie. Ndiyo maana yalimwingia. Taratibu alisimama pale, jasho likimtiririka ndani ya ovaroli, akawa anaogopa vitu viwili kwa pamoja, mteremko ulioko mbele na mdogo wake aliye nyuma ya ukuta. Aliyeko nyuma ya ukuta alikuwa karibu zaidi. Akaishika pikipiki usukani, akaisukuma, injini imezima, akakata kona na kutokea mbele yao kwa miguu.

Wote wawili walimtazama. Mchomeleaji akatazama upande aliotokea. Hakuna barabara huko.

"Sijaenda," Taratibu akasema.

"Imekataa?"

"Mimi ndiye nimekataa. Sijaenda leo, wala sikwenda zile mara mbili. Nilianguka mteremkoni, mwezi wa pili. Si mafuta, nilidanganya. Tangu siku ile sijashuka pale. Nakaa huku nyuma, nahesabu, narudi, napiga chaki."

Mchomeleaji alikohoa, akaanza kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Boksi hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Mara mbili, kaka?"

"Mara mbili."

"Na mimi nimekaa usiku naitazama mikono yangu."

"Nisamehe."

"Sitaki kusamehe sasa hivi, nina kazi saa sita." Akasimama, akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Nitaijaribu mwenyewe, sote tujue."

Hapo ndipo Taratibu alipotambua kwamba kuna hofu kubwa kuliko ile aliyoishi nayo. Aliufumba mkono wake juu ya ufunguo. "Hapana. Aliyeifungua ndiye anayeishusha. Nikianguka, angalau tutajua kibovu si wewe."

"Maneno ya kujifariji hayo."

"Ndiyo."

Bila kulainika uso, Boksi akafungua boksi lake. "Basi uishushe na uzito wangu. Mimi siendi na boksi tupu, na nyuma ikiwa nzito mbele inakuwa nyepesi." Aliitoa barua akaiweka juu ya dirisha. Mchomeleaji, akifurahi kupata la kufanya, akaleta vipande vya chuma vya kilo kama nane vilivyofungwa kwenye gunia. "Sampuli hizi," alisema, "zina wekundu wa damu wa kutosha," maana vilikuwa na kutu. Safari hii Boksi alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Walitembea wote watatu hadi juu ya mteremko, kama hatua mia nne, Taratibu akiisukuma. Ukisimama pale unaona barabara ikishuka imenyooka, kushoto mashimo ya wafyatua matofali, kulia ukingo usio na reli, na chini kabisa daraja. Kabla ya daraja, viraka vya lami, vyeusi juu ya kijivu. Taratibu akapanda.

"Usibane mikono," alijisemea kwa sauti, maana wateja wote aliwaambia hivyo. Pikipiki ikitikisa kichwa, ukiibana unaipa nguvu zako. Iache mikono laini, punguza mafuta, usikanyage breki kwa pupa. Ni rahisi kumwambia mtu mwingine.

Alishuka. Arobaini. Hamsini. Upepo ukaingia kwenye mikono ya ovaroli. Sitini. Alisikia lori nyuma yake, akajua halipo, akalisikia vile vile. Usukani ulitulia. Alianza kupumua. Kisha vikafika viraka.

Kwenye kiraka cha kwanza aligusa breki kidogo, kama alivyofanya mdogo wake. Mbele ya pikipiki ikazama ghafla, ikabaki chini, haikurudi. Kiraka cha pili kikalikuta gurudumu likiwa limekakamaa kama gogo. Likaruka. Likatua pembeni. Usukani ukaanza, kushoto, kulia, kushoto, na vidole vyake vyote kumi vikataka kubana. Kila kitu ndani yake kilitaka kubana. Alipiga kelele, hajui alisema nini. Akaifungua mikono yake kwa nguvu, kama mtu anayemfungua mtoto ngumi, akaiacha ikae tu juu ya mipira ya usukani. Pikipiki ikatupa kichwa mara tatu zaidi, kila mara kidogo kuliko iliyotangulia, ikanyooka, ikaingia darajani.

Alisimama ng'ambo. Alishuka, akakaa chini kwenye vumbi, akatapika chai yote ya asubuhi.

Alipoweza kusimama, hofu ilikuwa bado iko, lakini pembeni yake palikuwa na kitu kingine, kitu alichokuwa hajakionja kwa miezi minane. Alikuwa amejua jambo. Mikono peke yake kwenye kreti haikumwambia. Barabara ilimwambia. Alishika breki ya mbele, akauegemea usukani kwa uzito wake wote. Shokapu zikashuka kwa kukwama, zikabaki chini, kisha zikapanda kwa kujivuta kama mzee anayenyanyuka kitini.

Oili nzuri, shokapu nzuri, zimenyooka. Sasa zinakwamia nini? Akatazama chini, kwenye ekseli, ule mhimili wa gurudumu, na hapo akamkumbuka mjomba wake na kofi lake jepesi.

Ukirudisha gurudumu la mbele, ekseli hupita kwenye miguu ya shokapu zote mbili. Ukiikaza moja kwa moja pikipiki ikiwa bado juu ya kreti, miguu inaweza kubanwa ikiwa imepishana kidogo sana, isionekane kwa jicho, na shokapu zikawa zinasuguana kila zikishuka. Kwa hiyo mjomba alikuwa akisema: pikipiki ipige magoti kwanza, ndipo ubane. Unaishusha chini, unashika breki, unaisukuma mbele ishuke na kupanda mara tatu, kila mguu unajitafutia mahali pake, kisha unakaza. Taratibu siku zote alilifanya hilo pale nje, dakika ya mwisho, akijiandaa kuipanda. Alipoacha kupanda, alianza kumalizia kila kitu juu ya kreti. Kwa kuacha jambo moja, la pili lilimtoka bila yeye kujua.

Chini ya kiti mlikuwa na mfuko wa spana. Alilegeza nati ya ekseli na bolti ndogo inayoibana kwenye mguu wa shokapu. Akashika breki. Akaipigisha pikipiki magoti, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mara ya tatu alisikia ekseli ikijisogeza kidogo kabisa, kama mtu anayejigeuza kitandani. Akakaza. Akauegemea usukani: shokapu zikashuka laini, zikarudi laini.

Akapanda mlima, akamkuta mdogo wake juu, mikono kifuani.

"Umekawia. Nimeona ikitupa kichwa hadi huku."

"Ilitupa."

"Na wewe uko juu yake?"

"Na mimi niko juu yake."

Boksi akavuta pumzi ndefu, akaitoa. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe. Ni mimi. Ngoja."

Akageuza, akashuka tena, kabla miguu haijapata nafasi ya kujadiliana. Hofu ilikuwa ile ile. Hakuna aliyekuambia kwamba iliondoka. Lakini kwenye viraka, kwa sitini, na breki, pikipiki ilipita kama kiganja kinachopita juu ya kitambaa. Aliporudi alitoa chaki aliyokuja nayo mfukoni, akampa mdogo wake badala ya kuchora.

"Weka chaki yako," Boksi alisema. "Naishuka mwenyewe." Akashusha gunia la vyuma kutoka kwenye boksi, akavaa glavu, akaondoka.

Dakika ile, Taratibu alisema baadaye, ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Mtu akiwa juu ya pikipiki ana usukani wa kushika. Anayetazama ana nini? Alihesabu kwa mazoea, na safari hii alikuwa anahesabu kweli. Aliona taa ya breki ikiwaka kwenye viraka. Aliona boksi likinesa, likitulia. Pikipiki ikavuka daraja, ikaanza kupanda ng'ambo, haikurudi nyuma. Kisha, mbali huko, mkono mmoja wa kushoto ukaachia usukani na kuinuka juu, ukakaa hivyo muda mrefu, kwa dharau kabisa.

"Huyo," mchomeleaji alisema, akijitwisha gunia lake, "mto wake utaongezeka kina mwaka huu."

Karakanani, barua ilikuwa juu ya dirisha, imelowa maji ya barafu, wino umetanuka hata jina la mkubwa wa kazi halisomeki. Taratibu aliigeuza upande wa nyuma, akaianika kidogo juani, akachukua penseli. Akaanza kuandika, si majina, bali vile anavyowajua: muuza mikate, mwalimu wa sayansi, kijana wa mitungi ya gesi, yule mwenye mabinti mapacha. Wote waliofunguliwa upande wa mbele tangu mwezi wa pili na kupewa vema nyuma ya ukuta. Walifika kumi na mmoja. Alihesabu mara mbili akitumaini amekosea.

Alasiri ile alifunga mlango wa bati mapema, akaweka spana mbili mfukoni, akaenda kwa muuza mikate. Ni nyumba ya tatu baada ya kisima, mlango wa kijani. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kibarazani, kreti za mikate nyuma, na juu ya tangi, imefifia lakini inaonekana, ilikuwapo alama ya vema. Muuza mikate alitoka akifuta unga mikononi, akafurahi kumwona. "Fundi mwenyewe. Karibu, kuna nini?"

Taratibu alimweleza yote, amesimama, bila kukubali kiti. Alipomaliza, aliomba aichukue pikipiki, aifungue upya, na safari hii aishushe darajani mwenyewe. Muuza mikate aliitazama ile alama, akaisugua kwa kidole gumba chenye unga, akatoa ufunguo mfukoni. Hakuunyoosha mkono wala hakuurudisha mfukoni. Aliushika tu.

Na wewe, msomaji, kama pikipiki hiyo ingekuwa ndiyo inayowabeba wa kwako kila alfajiri, ufunguo huo ungempa nani?